Kishikio cha Zohali

Mahfudh alipofariki, mlango wa dereva wa gari lake ulikuwa haufunguki kwa nje. Asubuhi moja ya baridi kali, Januari ya mwaka jana, alivuta kishikio kilichogandishwa na barafu kikamkatikia mkononi. Tangu siku hiyo aliingilia mlango wangu. Anapita juu ya kiti changu, anavuta mguu mmoja, kisha wa pili, huku akisema kwamba hata waziri hafunguliwi mlango na mkewe kila asubuhi. Mimi nasimama nje natetemeka nikingoja amalize. Siku zile niliona ni kero. Naandika haya ili nisisahau hata kero.

Gari lenyewe ni Saturn ya mwaka 2001, rangi ya kijani. Yeye aliliita Zohali, kwa sababu ndilo jina la sayari ya Saturn kwetu. Mama yake kule Mombasa aliposikia kwenye simu alikasirika. Zohali ni nyota ya nuhusi, akasema, wenye elimu ya falaki wote wanajua. Mtu hafungi safari wala ndoa katika saa yake. "Nyota zote za mbinguni, mwanangu, ukaenda kununua hiyo?"

"Mama, ndiyo niliyoweza," akamjibu.

Alilinunua kabla sijafika Marekani, lakini nimesikia hadithi hiyo mara nyingi kiasi kwamba naisikia kwa sauti yake. Mahfudh alizaliwa katika ukoo wa wauza vitambaa. Kwake bei ya kwanza ilikuwa salamu tu, mazungumzo huja baadaye. Akaenda kwa wauzaji wa Saturn, akatajiwa bei, akacheka, akataja yake. Kijana wa pale akamwambia kwa upole kwamba Saturn hawapatani. Bei iliyoandikwa ni hiyo hiyo kwa kila mtu. Mahfudh akajua huo ni ujanja wa biashara. Akanyanyuka, akaaga, akatoka kwa mwendo wa pole ili wapate nafasi ya kumwita. Hawakumwita. Akainama mlangoni akajifanya anafunga kamba za viatu, na viatu vyenyewe havikuwa na kamba. Hawakumwita. Wiki ile alirudi mara tatu na kuondoka mara tatu. Mara ya nne akalipa bei iliyoandikwa. Alipokabidhiwa funguo, wafanyakazi wote wakatoka, hata mafundi na mikono yao ya grisi, wakamzunguka, wakampigia makofi na kumpiga picha. Ndivyo walivyomfanyia kila mnunuzi, lakini yeye hakujua.

"Nikasema basi, nimepunjwa," alikuwa akituambia. "Hawa wasingeshangilia hivi bure."

Baadaye alijifunza habari za kampuni ile kama mtu anayejifunza nasaba ya wakwe zake. Ilianzishwa na General Motors miaka ya themanini ili ishindane na magari madogo ya Kijapani. Ilijengewa kiwanda chake yenyewe kule Tennessee. Mbavu za magari yake zilikuwa za plastiki, si za bati, na huku Minnesota, ambako chumvi humwagwa barabarani majira yote ya baridi ikala magari kama mchwa, hilo si jambo dogo. Wageni wakija, Mahfudh aliupiga mlango goti. Unabonyea, unarudi. "Mwaona?" Kila Juni alikwenda kwenye bustani moja ya Saint Paul ambako wenye magari ya Saturn hukutana, wanayapanga kwa safu na kufungua boneti. Karibu wote ni wazee wa Kizungu. Yeye alikuwa na sinia lake la mahamri na mbaazi, na nasikia mahamri yalikwisha kabla boneti hazijafunguliwa.

Kampuni ilipofungwa, mwaka 2010, alirudi nyumbani amenyamaza kama mtu aliyetoka mazikoni. Wiki ile ile akaanza kukusanya vipuri: mikanda, vichujio vya oili, pampu ya maji, plagi. Vikajaa masanduku mawili chini ya kitanda chetu. Alinunua kila kinachozunguka, akasahau kinachoshikwa.

Alifariki Novemba, mchana, dukani kwake, akikunja kitambaa. Moyo. Tulimzika kesho yake.

Mimi nikaanza eda, miezi minne na siku kumi. Niliweka kando manukato na dhahabu, nikavaa nguo za kawaida zisizo na pambo. Kazini niliendelea kwenda, kwa sababu nilimuuliza sheikh kwa simu akaniambia mwenye haja hutoka mchana akarudi kwake. Ninapika katika nyumba ya kutunzia wazee, Saint Paul. Zamu huanza saa kumi na mbili asubuhi, na basi la kwanza hunifikisha saa moja kasorobo. Miaka yote Mahfudh ndiye aliyenipeleka. Alipoondoka, jirani yangu Vestine, Mkongo anayefanya kazi hospitali ya upande ule ule, akawa ananichukua. Kisha Januari Vestine akanieleza kwamba kuanzia Machi anahamishiwa Woodbury, mbali na kazini kwangu.

Kaka Jumaa ndiye mkubwa wa Mahfudh. Anakaa Maple Grove na familia yake, kwenye nyumba kubwa. Ni mtu mwema, na neno lake katika ukoo halirudishwi. Kila theluji ikianguka alikuja kuhamisha gari ili mtambo wa kusafisha theluji upite, mwendo wa nusu saa kuja na nusu saa kurudi. Mwanzoni mwa Februari barua ikabandikwa mlangoni mwangu na wasimamizi wa jengo: gari lisilohamishwa na mkaaji wake siku za theluji litaondolewa. Nikamwonyesha. Akaisoma amesimama, hakuvua hata koti.

"Basi imekwisha, shemeji. Ijumaa ya tarehe kumi na nne nawaleta hawa wa vyuma chakavu waiload waende nayo. Na wewe mwisho wa mwezi utahamia kwangu. Chumba cha juu kiko tayari, wanawake wa nyumbani wameshatandika."

"Na kazi yangu, kaka Jumaa?"

"Kazi ziko tele Maple Grove. Usijitie tabu."

"Mimi nataka kubaki hapa. Nitajifunza kuendesha."

Akanitazama kama mtoto aliyesema atahamia mwezini. "Ku-drive? Wewe? Katika eda? Na hilo gari la kampuni iliyokufa, mlango wenyewe haufunguki?"

Sijawahi kumjibu kaka Jumaa. Nilimwekea chai, akanywa, akaondoka. Kisha nikakaa kitandani nikafikiri. Pasipo gari, pana kazi nyingine na chumba cha juu katika nyumba ya watu, na nyumba yangu ya miaka ishirini na mbili itarudishwa kwa wenyewe. Pakiwa na gari, nabaki. Ilikuwa hivyo tu.

Kibali cha kujifunzia nilikuwa nacho. Mahfudh ndiye aliyenisukuma kufanya mtihani wa maandishi kiangazi kilichopita, akaahidi kunifundisha, akawa anaahirisha. Nikaomba siku ya mtihani wa barabarani. Iliyokuwa wazi ni Alhamisi tarehe kumi na tatu, siku moja kabla ya gari la vyuma chakavu. Nikabisha mlango wa Vestine.

"Mama Raisa," akasema, kwani huniita kwa jina la binti yangu anayeishi mbali, "siku kumi? Mimi permis yangu ya kuendesha nilikula miezi tatu."

"Zangu ni kumi."

"Haya, vaa viatu."

Tulikuwa tukitoka alasiri baada ya kazi, tukazunguka uwanja wa kanisa usio na watu. Vestine hana kelele ila mguu wake wa kulia ulikuwa ukikanyaga breki isiyokuwepo. "Doucement! Polepole, Mama Raisa, doucement! Hii si mbuzi, usiivute kichwa!" Siku ya kwanza niligonga lundo la theluji. Siku ya tatu nikaligonga tena, lile lile. Vestine akashuka, akaliangalia, akasema, "Sasa mumejuana." Lakini siku ya tano nilirudi nyuma kati ya nguzo mbili bila kugusa kitu, na aliacha kukanyaga.

Usiku huo nikasoma karatasi ya mtihani. Gari lazima liwe na taa zote, mikanda, honi, na mlango wa dereva ufunguke kwa ndani na kwa nje.

Nilikuwa sijaigusa simu ya Mahfudh tangu Novemba. Niliichaji. Kundi la wenye Saturn lilikuwa limejaa ujumbe, na mwisho mwisho wengi walikuwa wakimuuliza yuko wapi. Niliandika: Mimi ni mke wake. Amefariki. Natafuta kishikio cha nje cha mlango wa dereva. Hapakupita dakika tano simu ikalia. Alikuwa mzee Alfred wa Woodbury, fundi wa lifti aliyestaafu. Hakusema maneno mengi. Alisema alikuwa akidhani Mahfudh amekwenda Kenya, akasema pole, kisha akaniuliza gari ni la mwaka gani.

"Hazitengenezwi tena," akasema. "Itabidi tukitoe kwenye Saturn nyingine."

Jumanne tukakutana naye kwenye yadi moja ya magari yaliyokwisha, mahali ambapo mtu huingia na vifaa vyake akajifungulia mwenyewe anachokitaka. Magari yamepangwa juu ya rimu zilizounganishwa, hayana magurudumu, theluji imekaa juu yake kama vilemba. Saturn zilikuwa tatu. Moja haina milango. Ya pili imegongwa upande ule tunaoutaka. Ya tatu ilikuwa rangi ya dhahabu, na kishikio chake kilikuwa kizima.

Magoti ya Alfred hayakunji tena, kwa hiyo yeye alisimama akaelekeza, na Vestine akashika tochi ya simu. Kazi niliifanya mimi. Kwanza nilitoa parafujo za ngozi ya ndani ya mlango. Kisha niliivuta ikatoka kwa mlio ulionishtua, nikadhani nimevunja. "Ni klipu tu," Alfred akasema. "Endelea." Ndani mna tundu la kuingiza mkono, na huko gizani nati mbili, na fimbo nyembamba iliyoshikwa na kibanio. Glavu hazipiti. Nikazivua. Chuma kilikuwa baridi hadi kikawa kama moto.

"Mama Raisa, vidole vitakatika," Vestine akasema.

"Vitakatika nikishatoa hii nati."

Nati ya kwanza ilitoka. Ya pili ilianguka ndani ya mlango, Alfred akacheka, akasema mume wangu alikuwa akiangusha nati kila mwaka na kuwalaumu Wajapani. Nilitaka kucheka nikalia. Mkono wangu ulikuwa bado ndani ya mlango wa mtu nisiyemjua, nikapapasa hadi nikaipata ile nati, nikaiweka mfukoni. Kwenye kiti cha nyuma palikuwa na kiatu cha mtoto, kimoja. Kila gari pale lilikuwa na mtu wake.

Kesho yake mchana nikakifunga kishikio. Gari la kijani, kishikio cha dhahabu. Nikafunga mlango, nikauvuta kwa nje, ukafunguka. Nikafunga, nikafungua. Nilifanya hivyo mara nyingi hata jirani wa chini akachungulia dirishani.

Alhamisi mtahini alikuwa mwanamke mnene mwenye kofia ya sufu. Alizunguka gari, akatazama taa, akavuta kishikio, mlango ukafunguka, hakukitazama mara ya pili. Nikapata moyo. Nilirudi nyuma sawasawa, nikaegesha sawasawa. Kisha, karibu na kituo cha mtihani, tukafika kwenye njia panda yenye alama ya kusimama pande zote nne. Nilifika wa kwanza, kwa hiyo zamu ilikuwa yangu. Kushoto akafika mzee mmoja mwenye mvi, na kofia yake, amekaa wima kama khatibu. Mimi sikulelewa kumtangulia mzee. Nikampungia mkono apite. Yeye naye, kama walivyo watu wa Minnesota, akanipungia mimi. Nikampungia tena. Akanipungia tena. Akapita hatimaye, na nyuma yake akatokea mama na watoto, nikaona nitamkatizaje mama na watoto, nikampungia. Nyuma yetu mtu akapiga honi, jambo ambalo huku ni nadra kuliko mvua ya Januari.

Tuliporudi, mtahini aliandika kwa muda mrefu.

"Unaendesha vizuri," akasema, "lakini sikufaulishi. Zamu yako ikifika, unakwenda. Usipokwenda hakuna anayejua utafanya nini, na hapo ndipo watu hugongana."

Vestine alininunulia chai. Njiani hakusema ila, "Uliwapungia mara ngapi?"

"Mbili."

"Mama Raisa. Nilikuwa dirishani pale kituoni na nimehesabu tatu."

Nikaomba siku nyingine papo hapo. Iliyokuwa karibu ni tarehe sita Machi. Gari la vyuma chakavu lilikuwa kesho.

Usiku theluji ikaanguka. Ijumaa sikuwa na zamu. Saa tatu asubuhi nilimwona kaka Jumaa uwanjani, na nyuma yake lori la kubebea magari, na nyuma ya lori mtambo wa theluji ukingoja njia. Nilivaa buibui na koti juu yake, nikachukua bahasha ya hati za gari, nikabisha kwa Vestine. Alikuwa ndiyo kwanza ametoka zamu ya ziada ya usiku, yumo katika nguo zake za hospitali. Hakuniuliza. Alivaa viatu.

"Shemeji, rudi ndani, kuna baridi," kaka Jumaa akasema. "Sahihi nitaweka mimi."

Dereva wa lori alikuwa na karatasi juu ya ubao. "Mwenye gari ni nani?" akauliza.

"Ni la ndugu yangu marehemu," kaka Jumaa akasema.

Nikatoa hati. Majina yalikuwa mawili, la Mahfudh na langu. Aliniandikisha mwaka niliofika. "Mwenye gari ni mimi," nikasema kwa Kiingereza, "na siliuzi."

Dereva akamtazama kaka Jumaa, akanitazama mimi, akakunja karatasi yake. Alikuwa na safari nyingine, alisema, na akaenda zake. Mtambo wa theluji ukapiga honi. Nikauvuta mlango, nikaketi, Vestine akaketi kando yangu, na nikalitoa Zohali uwanjani mbele ya kaka Jumaa aliyesimama na funguo zake za akiba mkononi. Tulizunguka mitaa minne. Uwanja uliposafishwa nikarudi, nikaegesha katikati ya mistari. Vestine akashuka, akasema anakwenda kulala, akatuacha.

Kaka Jumaa alikuwa bado amesimama pale pale. Masikio yake yalikuwa mekundu kwa baridi.

"Umeniaibisha mbele ya watu, Fatimah."

"Nisamehe, kaka Jumaa. Sikukusudia aibu."

"Mtihani umefaulu?"

"Sikufaulu. Nimeandikiwa tarehe sita."

"Na ukishindwa tena?"

"Nitaandikiwa nyingine."

Akatikisa kichwa. "Na eda, je? Mjane kwenye usukani, huku na huku. Watu watasemaje?"

Hili nilikuwa nimelilalia na kuliamkia siku kumi. "Eda, kaka Jumaa, hukaliwa katika nyumba aliyoniacha mume wangu. Imebaki zaidi ya mwezi. Wewe unataka kunihamisha mwisho wa Februari. Katika mimi na wewe, nani anaivunja?"

Nilimwona akihesabu siku kwa vidole ndani ya glavu, kidole baada ya kidole, kama anavyofanya kwenye tasbihi. Alikuwa hajafikiria. Ni mtu wa dini, na alikuwa hajafikiria, kwa haraka yake ya kutaka mambo yaishe.

"Astaghfirullah," akasema polepole. Kisha: "Kila nikija kulihamisha, harufu ya ndugu yangu imo humo ndani. Ule udi wake. Nakaa kwenye kile kiti, nashindwa kuwasha. Siku ile ya theluji kubwa nilikaa nusu saa nzima. Mke wangu akafikiri nimepata ajali."

"Hukuniambia."

"Ningekwambiaje?"

"Basi usilihamishe tena," nikasema. "Hiyo kazi ni yangu sasa."

Akatazama kishikio cha dhahabu. Akakishika, akafungua mlango, akaufunga taratibu, kama mtu anayefunga mlango wa chumba alimolala mtoto. Halafu akaniwekea funguo za akiba kiganjani. "Chumba kitakuwepo," akasema. "Sitatandua kitanda."

"Ahsante, kaka. Twende unywe chai kabla hujaganda."

Tarehe sita Machi nilifaulu. Mtahini alikuwa mwingine, kijana, na hakuniambia neno ila "hongera" na pa kutia sahihi. Jumatatu iliyofuata Vestine alianza Woodbury, na mimi nikaondoka peke yangu saa kumi na moja na nusu alfajiri. Barabara ilikuwa nyeupe kwa chumvi. Injini ilinguruma kidogo ikatulia. Kwenye daraja, mto chini ulikuwa bado barafu ukingoni na maji meusi katikati, na nikakumbuka kwamba upande wangu wa zamani, kile kiti cha kulia, kilikuwa kitupu, na kwamba hakuna tena mtu atakayepita juu yake akicheka. Sikusimama. Nilishika njia yangu hadi mwisho.

Nilifika saa kumi na mbili kasorobo. Nikazima injini, nikakaa dakika chache nikalia, nikafuta uso kwa ncha ya mtandio, nikashuka. Jikoni taa zilikuwa zimeshawashwa, na mayai mia na ishirini yalikuwa yakinisubiri niyavunje.